Neno Nililowakataza Wari

Jumatatu, 8 Machi 1971

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Basi nna madaftari mawili. Katika la mwalimu nimeandika: Leo nimepika muhogo wa nazi. Hili la pili ni langu, linakaa chini ya kasha, na humu ntaandika mambo yenyewe. Mie ni Mwatima binti Jaku wa Mkunazini, somo wa wari, mwenye kuwafunda mabinti wanaoolewa. Umri wangu siutaji. Masika bado, lakini dari langu nalijua linavyovuja, nshaweka ndoo pembeni mapema.

Alhamisi, 11 Machi

Kaja Machano alasiri, katoka kazini idara ya maji, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Machano ni mume wa Shemsa, na Shemsa ni mwari wangu. Mie ndiye niliyemfunda, nikamtia chumbani kwa mkono wangu mwaka wa arubaini na tisa. Mume akiwa na neno la ndani haendi kwa mama mkwe, huja kwa somo. Ndiyo ada yetu.

Kakaa kwenye kigoda anaizungusha kofia yake mpaka chai ikapoa. Mwisho kasema, "Somo, mwari wako ananikimbia. Nikimgusa anakuwa gogo. Tangu arudi Dar, mwaka wa pili huu."

Dar alikwenda kukatwa titi la kushoto, lilikuwa na saratani. Baadaye wakampasua tena, tumboni safari hii, wakamtoa vifuko vya mayai ya uzazi, maana ati ugonjwa ule chakula chake kinatoka humo. Hedhi ikakatika palepale, mtu wa miaka thelathini na minane. Hayo nayajua. Lakini hayo ni ya hospitali, ya chumbani ni yangu.

Nikamwambia, "Mwanangu, mkeo kazaa wanne. Mwanamke akizaa wanne hulegea, akilegea huona haya, akiona haya hukimbia. Niachie mie."

Kashukuru sana. Kaniahidi mvua zikianza atakuja kuliziba dari.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemwita Shemsa. Kaingia na buibui mpaka kidevuni na joto lote hili.

"Shikamoo, somo." Kaubusu mkono wangu kama siku zote.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatiririka jasho?"

"Joto linanipanda tu, somo. Huja likaondoka. Kama mtu kanifunulia tanuri usoni."

Nikamuuliza ana nini na mumewe. Kasema, "Hapana kitu." Nikauliza mara moja, sikurudia, maana jawabu nilikuwa nayo tayari. Nikamsagia shabu, lile jiwe jeupe la sokoni Darajani, nikachanganya na karafuu, nikamtilia koponi. Ajioshee kwayo asubuhi na jioni, siku kumi na nne, tena ajifukize kwa fusho. Kukaza na kukausha, hiyo ndiyo elimu yangu. Maji kwa mwanamke ni aibu. Nimefundwa hivyo na nafunda hivyo.

Alipokuwa mlangoni aligeuka akanitazama. Nikamkumbusha kwa mzaha, "Jee, funzo la mwanzo ulilisahau?" Kasema, "Sikulisahau. Chumbani hakuna neno naumia." Nikafurahi kuwa miaka ishirini na mbili bado analo.

Jumapili, 14 Machi

Foleni ya mchele. Nimekosa. Muhogo tena.

Alhamisi, 18 Machi

Shemsa kapita mbio na kikapu chake cha sokoni. Kasema ile dawa inamwasha. Nikacheka, nikamwambia, "Dawa isiyowasha hiyo ni maji ya mfereji. Ikiwasha ndiyo inafanya kazi." Kaenda zake.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Ndoo moja. Machano hakuja.

Ijumaa, 2 Aprili

Asubuhi kaja Mwanapili, binti mkubwa wa Shemsa, yule anayeolewa baada ya Maulidi na mie ndiye somo wake. Kaja miguu mitupu katika matope kutoka Kikwajuni. "Bibi, mama anatoka damu."

Nikaenda mbio, nusura kichwa wazi. Shemsa yuko kitandani, uso kaupa ukuta. Damu si nyingi, lakini kwa mwanamke ambaye hedhi yake ilikatika, tone moja ni nyingi. Kasema bila ya kugeuka, "Ugonjwa umerudi, somo. Yule daktari wa Dar aliniambia: ukiona damu pahala popote, njoo mbio. Umerudi huo."

Machano alikuwa keshatoka kumtafutia nafasi ya safari. Mwanapili analia jikoni. Na mie macho yangu yakaenda kwenye rafu, nikaliona kopo langu. Nikalifunua. Shabu imebakia ya kujaa kijiko. Siku kumi na nne zilikwisha zamani, na yeye hakuacha. Kaendelea kwa kuwa nilimwambia ikiwasha ndiyo inafanya kazi.

Nikalichukua lile kopo nikalitia ndani ya buibui. Nikajiambia naondoa uchafu chumbani kwa mgonjwa. Muongo mie. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi, 3 Aprili

Kopo liko chini ya kasha, pamoja na daftari hili. Ndoo mbili.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimekwenda kumtazama. Sikusema.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua toka alfajiri. Nimekwenda, nimempikia uji wa mtama, kanywa vijiko vitatu. Sikusema.

Huenda ni maradhi kweli. Mie si daktari. Nikisema ni shabu, na kumbe ni saratani, ntakuwa nimewatia watu tamaa ya bure, si ndiyo? Na nikisema ni shabu na kweli ikawa ni shabu, basi kila mama mwenye binti, toka Malindi mpaka Kikwajuni, atasikia kuwa Bi Mwatima kamchoma mwari wake. Miaka thelathini ya jina langu. Haya, nimeliandika. Hicho cha pili ndicho kinachonifunga mdomo, si hicho cha mwanzo.

Ijumaa, 9 Aprili

Wamemsomea dua baada ya sala ya Ijumaa. Wanawake tulijaa ukumbini. Mungu amwondoshee maradhi haya, amina. Nimeitikia kwa sauti kuwashinda wote. Astaghafirullahi.

Jumatatu, 12 Aprili

Kaja Machano, karowa chepechepe. Sikumuuliza habari ya dari. Nafasi ya safari kapata, tarehe ishirini na nne.

Kasema Shemsa kamtafutia mke, mjane mmoja wa Mkokotoni, mtu wa adabu. Kamwambia, "Muoe nikiwa hai, nimuone atakayewalea wadogo." Kanga zake za doti keshaanza kumgaia Mwanapili. Machano akalia mbele yangu, mtu mzima wa makamo, makamasi na machozi pamoja.

"Somo, kosa langu? Tangu arudi sijapata kulitazama lile kovu. Nilikuwa naogopa kumtonesha, nageuza uso. Labda yeye kaona namchukia."

Hapo ndipo pa kusema, kama nna imani. Mwanamme yuko mbele yangu anajitia hatiani kwa kosa langu. Nikamwambia, "Mungu ndiye ajuaye." Nikampa taulo. Ndoo tatu.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo Shemsa kaniomba nifunge mlango. Kakaa kitako, kalegeza kanga, kanionesha kovu. Mie somo wake, niliyemsinga mwili mzima siku ya harusi yake, nilikuwa sijaliona. Linatoka kwapani mpaka kifuani, limekakamaa, na mbavu zinahesabika chini yake.

Kasema, "Nikifa unioshe wewe, somo. Nimemuusia Machano. Sitaki mwengine anione. Wewe ndiye unijuaye."

Nikasema, "Inshallah." Nikafungua mlango nikatoka. Nimefika Mkunazini sijui nilipita njia gani.

Ijumaa, 16 Aprili

Wewe ndiye unijuaye.

Jumamosi, 17 Aprili

Asubuhi nimelitoa kopo, nimelifunga ndani ya leso, nimekwenda mtaa wa Amani kwa miguu katika mvua. Pale kliniki ya kina mama yupo nesi mmoja, Kidawa binti Pandu, mkunga wa kusomea. Kila mara tunasemana. Yeye husema sisi masomo tunawaharibu wanawake, mie husema yeye ni mtoto wa juzi. Leo nimekaa benchi moja na wajawazito mpaka zamu yangu ikafika.

Nikaliweka kopo juu ya meza. "Nimempa hii Shemsa wa Machano, Kikwajuni. Yule aliyekatwa titi. Katumia wiki tatu. Sasa anatoka damu na anajiandaa kufa."

Kidawa kalinusa kopo. Hakupiga kelele, na mie nilikwenda pale nataka nipigiwe kelele.

"Bi Mwatima, unajua hedhi inapokatika kunakuwa vipi ndani?"

"Mtu anapumzika."

"Anakauka. Maji yanakwenda, nyama inakuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Wengine huwajia pole pole uzeeni. Huyu katolewa mayai, kumemjia kwa siku moja. Alikuwa anamkimbia mumewe kwa sababu anachanika. Na wewe ukamtia kitu cha kukausha."

"Hakuniambia," nikasema. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nani aliyemfunda asiseme?

Nikamuuliza kama wana dawa. Kasema, "Ipo ya kupaka, ya homoni, ile nguvu ya kike yenyewe inayotoka kwenye mayai. Mwanamke mwengine ningempa leo hii. Yeye simpi. Wamemtoa mayai ili ugonjwa ufe njaa, mie nije niulishe kwa mlango wa nyuma?"

"Basi hana dawa?"

"Anayo, tena nyepesi. Kwanza aache kila kitu: shabu, fusho, sabuni, marashi. Maji matupu. Kidonda kikipona, mafuta ya nazi safi, ya kukamuliwa nyumbani, hayakutiwa asumini wala karafuu. Kila siku, si ile siku ya mume tu. Na mume awe na subira, asimwendee mpaka mwenyewe aseme. Lakini kwanza nimtazame. Huenda ni kidonda, huenda ni hayo wanayoyaogopa. Na utakwenda na mie, utamwambia kwa mdomo wako. Sisemi badala yako."

Tukaenda Kikwajuni chini ya mwavuli mmoja. Mwanapili tukamtoa nje. Nilikusudia nianze na dibaji, kama kawaida yangu. Nikajikuta nimelifungua kopo na kuliweka kitandani.

"Shemsa, hili nililiiba hapa siku ile ya damu. Nililiiba kwa sababu nilijua. Kwa siku kumi na tano nakuja, nakupikia uji, nakuitikia dua, na najua huenda ni shabu yangu iliyokuchoma. Nimekuacha ujiandae kufa kwa kulinda jina langu."

Kalichukua kopo, kalitazama ndani. Kisha kasema taratibu, na afadhali angepiga kelele, "Nilikwambia inawasha."

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

"Kila nikijioshea nilikuwa nauma kanga ili Mwanapili asinisikie. Nikisema, ndiyo inafanya kazi hii, somo kasema. Nitamrudia mume wangu kama mwanamke." Kisha akaniambia, "Toka, Bi Mwatima."

Miaka ishirini na mbili hajapata kuniita Bi Mwatima. Nikakaa barazani mpaka Kidawa alipomaliza. Kasema kaona mahali palipoungua na kuchubuka, pawili, na uvimbe hakuona. Lakini lazima daktari naye atazame.

Jumapili, 18 Aprili

Sikutoka.

Alhamisi, 22 Aprili

Daktari kamtazama. Kasema kama Kidawa: kuungua. Wangoje wiki tatu. Damu ikikatika na pakapona, Dar atakwenda kwa kutazamwa tu kama kawaida yake. Isipokatika, basi ni kupasuliwa. Safari ya tarehe ishirini na nne imeahirishwa.

Mumewe nimemwambia mie. Nilimfuata kazini, kule kwenye mabomba yaliyolazwa njiani, nikamwita pembeni. Nikasema yote, na kopo, na ile siku aliyolia mbele yangu nikamwacha alie. Kisha nikamfunda, naye kasimama na spana mkononi: mkeo hakukuchukia, alikuwa anaumia. Usimwendee mpaka akwambie. Na lile kovu litazame mchana, usigeuze uso.

Karudi kwenye bomba lake, kainama. Wenzake wakamuuliza, "Yakhe, kuna nini?" Kasema, "Hakuna. Vumbi." Na mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 25 Aprili

Nimekuna nazi saba, nimekamua, nimechemsha tui mpaka mafuta yakapanda, nimechuja kwa kitambaa kipya mara tatu. Nimempa Mwanapili ampelekee mama yake. Magharibi chupa imerudi imejaa, na kizibo sijui kama kilifunguliwa. Mwanapili kasema, "Mama kasema ahsante, anakamua yake." Mtoto ana haya, haniangalii.

Alhamisi, 29 Aprili

Ndoo tatu na sufuria. Kidawa kasema damu haijakatika vizuri.

Jumanne, 4 Mei

Damu siku mbili hakuna. Siandiki zaidi, nisije nikaiita.

Ijumaa, 7 Mei

Maulidi. Shemsa kaja, kakonda, kavaa kanga sare na Mwanapili. Wakati wa kusimama kumswalia Mtume tukawa bega kwa bega, hakupanga mtu. Kanipa mkono. Hakuubusu. Nimeurudisha mkono wangu ndani ya buibui na nikamaliza kisomo chote umekunjwa.

Wanawake wawili waliniuliza kama ni kweli. Nimesema ni kweli. Mmoja keshampeleka binti yake kwa somo mwengine.

Ijumaa, 14 Mei

Nilikuwa natwanga bizari nikasikia hodi. Shemsa, peke yake.

"Karibu," nikasema. Sikusema mwanangu, sikuthubutu.

Kakaa kwenye kigoda alichokaa Machano. Kasema daktari kamwona jana. Pamepona. Hakuna ugonjwa. Nikaanza kulia, akaninyooshea kidole. "Usilie. Sikuja kukusamehe. Sijakusamehe bado na sijui lini. Nilimuaga mwanangu kwa mkono wangu, unajua hayo? Nilimgaia kanga."

"Najua."

"Joto bado linanipanda. Kukauka bado. Kidawa kasema kutakaa na mie, si kitu cha kupona, ni kitu cha kutunza. Machano kanitazama. Mchana, kama ulivyomwambia. Kalia, mpumbavu yule, ikabidi nimbembeleze mie." Kacheka kidogo, kisha akaficha ule mcheko. "Mjane wa Mkokotoni nimempelekea salamu asingoje."

Tone linaanguka ndooni. Kasema, "Mkono wangu mbaya kwa mafuta, naunguza tui. Ile chupa iko wapi?"

Nikaitoa. Kaifungua, kanusa kama anayenunua, kaitia kikapuni.

"Na Mwanapili," kasema. "Nimefikiri kumpa somo mwengine. Lakini mwengine atamfunda yaleyale, na wala hatojua kuwa anakosea. Wewe angalau unajua. Utamfunda wewe. Lakini mie nitakaa mlangoni, na nitasikia kila neno."

Tangu lini mama akakaa kwenye chumba cha somo? Haijapata kutokea. Mama haingii, ndiyo ada. Nikasema, "Karibu ukae."

Jumanne, 18 Mei

Machano kaja, kaziba dari. Hakunena na mie zaidi ya kuomba ngazi na maji ya kunywa. Bado panavuja, lakini tone moja moja.

Jumamosi, 22 Mei

Leo Mwanapili kaingizwa ndani. Mkeka mpya, udi, kanga kajifunika uso kama inavyotakiwa. Wanawake wameimba, wamecheka, wametoka. Tumebaki watatu: mie, mwari, na Shemsa mlangoni juu ya kigoda, chupa ya mafuta iko miguuni pake.

Miaka thelathini najua pa kuanzia. Nimekaa, nimemshika mwari mikono, na mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Chumbani hakuna..." Nikasita. Nikamtazama Shemsa. Hakunisaidia.

Nikaanza upya. "Mwanangu, neno la mwanzo ninalokupa nililikataza kwa mama yako, na kwa kila mwari aliyepita mkononi mwangu. Ni neno dogo. Utamwambia mume, utaniambia mie, utamwambia daktari, na asiyelisikia mara ya kwanza utamrudilia. Sema: naumia."

Mtoto kacheka kwa haya. Kaona ni mzaha wa somo. Nikamwambia, "Sema."

"Naumia," kasema, ndani ya kanga, kama anayeomba radhi.

"Sijasikia," kasema mama yake kutoka mlangoni.